Mafuta Yakishika Moto Jikoni

Jioni viwanda vya mtaa wa Baba Dogo, Nairobi, vinapofunga, karai za chipsi na mandazi huanza kuchemka kando ya barabara, na ndani ya ploti watu wanakaanga samaki kwenye meko, hatua chache tu kutoka kitandani. Katika chumba cha mlango mmoja, ndoo ya maji ndiyo mkono hukimbilia. Kwa moto wa mafuta, ndoo hiyo ni hatari kuliko moto wenyewe.

Mafuta ya kupikia hayahitaji kiberiti. Yakipita nyuzi 200 hivi huanza kutoa moshi, na hapo ndipo pa kuzima meko. Yakiachwa hadi karibu nyuzi 360, huwaka yenyewe. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo ukiyamwaga huzama chini ya sufuria na kugeuka mvuke papo hapo. Mvuke huo hujaza nafasi mara 1,700 hivi ya ile ya maji: kikombe cha robo lita huzaa zaidi ya lita 400. Hulipuka kwenda juu ukirusha matone ya mafuta yanayowaka, na moto wa sufuria unakuwa wa chumba kizima.

Dawa yake ni kuunyima hewa. Zima meko ikiwa unaweza kufikia swichi bila kupitisha mkono juu ya moto, kisha telezesha mfuniko kutoka upande wako kwenda mbele. Hapa ndipo sufuria zetu zinapotuangusha: mifuniko mingi ni bapa, haina kishikio, na vidole husogea karibu mno na moto. Mimi naona heri sinia la bati, pana kuliko sufuria, liwekwe karibu kila unapokaanga. Ukishafunika, usichungulie. Mafuta yakingali na joto lile, hewa ikiingia yanawaka tena. Yaache yapoe kabisa. Wala usiikimbize sufuria nje, maana mafuta yatakumwagikia miguuni, na kwenye korido kuna watoto wa jirani. Unga nao usirushe, vumbi lake huwaka.

Moto ukishashika pazia au siling'i, sinia halina kazi tena. Toka, vuta mlango nyuma yako, gonga milango ya majirani watoke nao, kisha piga 999 au 112. Kuta za mabati hupitisha joto haraka, na mtungi wa gesi wa jirani uko upande wa pili.