Udongo Waenda Wapi? Kazi ya Kamera Katika Kuonyesha Matuta

Watu wengi hudhani kwamba kutengeneza sinema ni kuelekeza kamera penye jambo basi. Sivyo. Kamera huona yote yaliyo mbele yake. Kazi ya mpiga picha ni kumwonyesha mtazamaji lile moja linalotakiwa.

Mathalani, kijana wa Katangi, katika Machakos, ataka kuonyesha uchimbaji wa matuta ya fanya juu, ambayo wakulima wa Ukambani waliyapendelea tangu miaka ya 1950, na ambayo vikundi vya mwethya huyachimba kwa pamoja. Mfereji huchimbwa kukingama mteremko, na udongo hutupwa upande wa juu, ukawa tuta la kuzuia maji na mmomonyoko. Basi sinema nzima yategemea swali moja: udongo waenda wapi?

Kamera ikisimama chini ya kilima, mteremko hupotea machoni. Heri isimame kwenye ncha ya mfereji, kilele kiwe kulia na bonde kushoto. Kwanza ichukuliwe picha ya mbali, kilima kizima kionekane, kisha wachimbaji, kisha, karibu kabisa, beleshi na udongo unaoruka. Hapo ndipo wengi hukosea. Baada ya picha ya mbali huzunguka hadi ncha ya pili, pengine kwa kufuata jua, wakapiga picha ya karibu kutoka huko. Vipande vikisha kuunganishwa, udongo uliokwenda kulia sasa waenda kushoto, na mtazamaji aliyeangalia kwa makini atasadiki kwamba watupwa bondeni. Atachimba hivyo hivyo shambani kwake.

Mwaka 1961 John Wilson alisimulia juu ya wanakijiji wa Afrika walioonyeshwa sinema ya kuondoa maji yaliyotuama, kwa ajili ya kupiga vita mbu. Walipoulizwa wameona nini, walijibu: kuku. Watengenezaji wenyewe hawakuwa wamemwona, mpaka walipoitazama tena picha moja moja; naye alikuwamo, pembeni, kwa muda kama wa sekunde moja. Wako waliowacheka wanakijiji, nao ndio waliotazama vizuri zaidi, kwani jicho hufuata kitu kinachokurupuka.

Kwa hiyo, kabla kamera haijaanza, pembe zote nne za picha zikaguliwe. Mbuzi wafungwe mbali, na watoto waombwe wasikimbie nyuma ya wachimbaji.