Kovu la zamani chini ya sikio: munganga aendelee kuliona

Mufanyakazi, soma hii pamoja na bibi na watoto.

Mate yanatoka katika tezi: mbili mbele ya masikio, mbili chini ya taya, mbili chini ya ulimi, na mamia ya zingine ndogo ndani ya kinywa. Mara chache sana kanseri inaingia humo. Moja inaitwa karsinoma adenoidi sistiki. Inakomaa polepole na kufuata mishipa ya fahamu. Wanganga wanaikata, mara nyingi wanaongeza miale, na mugonjwa anarudi kazini.

Lakini angalisho! Kwa kanseri hii, miaka 5 bila ugonjwa haitoshi kusema imeisha. Inaweza kurudi nyuma ya miaka 10, hata 20, mahali palepale ao katika mapafu. Huko inaweza kukaa muda murefu bila kukuumiza wala kukukoholesha.

Kwa hiyo:

— Chunga karatasi ya operesheni, hata ukihama, hata ukimaliza kazi.

— Ukipigwa radio ya kifua, usiseme tu «Ninatumika katika shimo». Sema pia: «Nilikatwa kanseri ya tezi ya mate», na mwaka wake. Kila alama ya mapafu si ya vumbi.

— Enda kwa munganga siku anazokupangia, maisha yote.

— Usingoje siku hiyo ukiona kivimbe kipya, uso kufa ganzi ao mudomo kwenda upande.

Mama, wewe unaona uso wa bwana kila siku. Ukibadilika, umulete mbio.