Mfunzi wa Farasi wa Njoro

Mtoto wa Shinyanga amjua ng'ombe kabla hajajua kuhesabu. Ajua ni yupi aliye mkali, ni yupi achelewaye kurudi zizini, na ni yupi ambaye leo hakula vizuri. Lakini farasi twamjua wengi wetu kwa picha tu. Katika somo hili tutaeleza kwanza sababu ya jambo hilo. Kisha tutasoma habari za mwanamke mmoja aliyefunza farasi wa mashindano katika nchi jirani ya Kenya, hata akapata sifa kubwa. Tutaona pia kazi hiyo ni kazi ya namna gani, maana wako wadhanio kwamba ni kumchapa mnyama mjeledi tu ili akimbie.

Kwa nini farasi ni haba kwetu

Adui wa farasi katika nchi yetu ni mbung'o. Inzi huyu akimwuma mnyama mwenye ugonjwa wa nagana, hufyonza pamoja na damu vijidudu visivyoonekana kwa macho. Baadaye, akimwuma mnyama mwingine, humwambukiza. Nyati na pongo hukaa na vijidudu hivyo bila kudhurika sana. Ng'ombe hukonda polepole. Lakini farasi hana nguvu ya kustahimili: hushikwa na homa, huvimba miguu na tumbo, na kwa kawaida hufa upesi asipotibiwa. Zaidi ya hayo kuna maradhi mengine ya farasi yaletwayo na visubi wanaoruka usiku, nayo huua kwa siku chache tu.

Misitu ya miombo, tangu Kahama mpaka Geita, ilikuwa makao ya mbung'o tangu zamani. Katika miaka ya 1920 na 1930 watu wa Shinyanga walitoka kwa maelfu kufyeka vichaka ili kumfukuza. Hapo Shinyanga pia palikuwa na makao ya uchunguzi wa mbung'o, yakiongozwa na mtaalamu Mwingereza aliyeitwa Swynnerton. Yeye alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938, akiwa bado katika kazi hiyo.

Basi, farasi huhitaji nchi isiyo na mbung'o, yenye hewa baridi na majani mazuri. Nchi ya namna hiyo iko katika nyanda za juu za Kenya, na huko ndiko habari yetu iliko.

Mtoto wa Njoro

Beryl Clutterbuck, ambaye baadaye aliitwa Beryl Markham, alizaliwa Uingereza mwaka 1902. Alipokuwa na umri wa miaka 4 hivi, baba yake alimleta Kenya, akafanya shamba mahali paitwapo Njoro, palipo juu ya bahari kwa zaidi ya mita 2,000. Mama yake hakukaa sana, akarudi kwao. Mtoto akalelewa na baba yake na watu wa shambani. Rafiki yake mkubwa alikuwa Kibii, mtoto wa jamii ya Wakalenjini. Pamoja na wenzake wa Kiafrika, Beryl alijifunza kurusha mkuki, kufuata nyayo za wanyama, na kunyamaza porini.

Baba yake alikuwa na kinu cha kusaga nafaka, tena alifuga na kufunza farasi. Beryl alifanya kazi katika mabanda ya farasi tangu utoto. Alijifunza kumpangusa farasi, kumlisha, na kukesha na jike lizaalo usiku.

Kisha ikaja shida. Baba yake alikuwa amepatana kuuza unga kwa bei isiyobadilika. Mvua zikakosekana, nafaka ikapanda bei, naye akalazimika kuuza kwa hasara ili kutimiza neno lake. Mali ikaisha, shamba likauzwa, na baba akasafiri kwenda Peru, katika Amerika ya Kusini, kufunza farasi wa watu wengine. Binti hakwenda naye. Alimpanda farasi wake Pegasus, akaenda Molo kuanza kazi yake mwenyewe. Alipokuwa na umri wa miaka 18 hivi alipata hati ya ufunzi wa farasi wa mashindano. Kabla yake hapakuwa na mwanamke yeyote katika Kenya aliyepewa hati hiyo.

Kazi ya mfunzi

Mfunzi wa farasi si mpandaji. Mpandaji hukaa juu ya farasi kwa dakika chache za mashindano. Mfunzi huwa pamoja na farasi siku zote za mwaka.

Kazi huanza alfajiri, kabla ya jua kuwa kali. Farasi hutolewa mabandani, wakatembezwa, wakakimbizwa kwa kipimo. Mmoja leo atakimbia sana. Mwingine atatembea tu. Wa tatu atapumzika. Wakirudi, mfunzi hupitisha mkono wake juu ya kila mguu. Kwa nini? Kwa sababu mguu wa mbele wa farasi, kuanzia goti kwenda chini, hauna nyama ila mifupa, kano na ngozi. Farasi ana uzito wa kilo 450 au zaidi, naye akienda kwa mbio zake zote, uzito huo huangukia kano nyembamba. Kano ikianza kuumia, huwa na moto kidogo kabla farasi hajachechemea. Mkono wa mfunzi hodari huusikia moto huo. Mfunzi asiyejali huendelea kumkimbiza, na kano ikikatika yaweza kuchukua miezi mingi kupona, au isipone kabisa.

Chakula nacho kina elimu yake. Tumbo la farasi ni dogo kwa kulinganisha na mwili wake, wala farasi hawezi kutapika. Kwa hiyo hulishwa kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Akila nafaka nyingi kwa mara moja aweza kushikwa na msokoto wa tumbo, akafa.

Wala mfunzi hafanyi kazi peke yake. Kila farasi ana saisi wake, yaani mtu wa kumlisha, kumsugua na kumlinda. Saisi ndiye wa kwanza kujua kwamba farasi amebakiza chakula usiku. Kibii, ambaye alipopata utu uzima aliitwa Arap Ruta, alikwenda kufanya kazi pamoja na Beryl, naye alikuwa msaidizi wake wa kuaminiwa kwa miaka mingi. Beryl aliandika habari zake, na kwa sababu hiyo jina lake lajulikana mpaka leo. Lakini masaisi wangapi waliwafikisha farasi kwenye ushindi, na majina yao hayakuandikwa popote! Tusomapo kwamba fulani ameshinda, yafaa tuulize ni mikono mingapi iliyofanya kazi nyuma yake.

Habari za Wise Child

Katika kitabu chake Beryl asimulia jambo lililompata siku za mwanzo. Alikuwa amemfunza farasi mzuri aitwaye Wrack kwa ajili ya mashindano makubwa ya Nairobi yaitwayo St Leger. Zilipobaki wiki 12, mwenyewe akamchukua Wrack akampa mfunzi mwingine, kwa kuwa hakuamini kwamba msichana aweza kazi hiyo.

Beryl hakugombana. Alimpokea farasi mwingine, jike aitwaye Wise Child, mwenye mbio na moyo mkuu, lakini kano zake zilikuwa zimeharibiwa kwa kukimbizwa kupita kiasi. Wiki 12 ni chache. Angalimkimbiza sana, miguu ingalivunjika. Angalimwacha tu, asingalikuwa na pumzi ya kushindana. Basi yeye na Arap Ruta wakamtunza siku kwa siku, wakimwongezea kazi kidogo na kuipima miguu yake kila mara. Siku ya mashindano Wise Child alikimbia pamoja na Wrack, akamshinda. Hivyo Beryl aliwajibu waliomdharau kwa kazi yake, bila maneno mengi.

Maisha ya baadaye

Baada ya miaka kadhaa alijifunza kuendesha ndege. Tarehe 4 Septemba 1936 aliondoka Uingereza peke yake, akaivuka bahari ya Atlantiki kuelekea magharibi, kinyume cha upepo. Baada ya saa 21 hivi injini ilikosa mafuta, akashuka katika kinamasi cha Nova Scotia, nchi ya Kanada. Alipona, naye alikuwa mwanamke wa kwanza kuivuka bahari hiyo peke yake kutoka Uingereza kwenda magharibi. Mwaka 1942 kitabu chake, West with the Night, kilitolewa.

Hatimaye alirudi Kenya, akarudia kazi ya farasi. Miaka ile ilikuwa ya ushindi mwingi, na farasi wake walishinda Derby ya Kenya mara 6. Katika nchi ya Ireland, isifiwayo kwa farasi, Vincent O'Brien, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufa mwaka 2009, alishinda Derby ya Uingereza mara 6 pia, kati ya mwaka 1962 na 1982. Mashindano hayo si mamoja, wala ukubwa wake haulingani. Lakini kazi ya alfajiri na mkono juu ya mguu wa farasi ni ile ile.

Katika uzee Beryl hakuwa na mali nyingi. Alikaa katika nyumba ndogo kwenye uwanja wa mashindano ya farasi wa Ngong, Nairobi. Mwaka 1983 kitabu chake kilichapishwa tena, watu wengi wakakinunua, naye akapata msaada. Alikufa mwezi wa Agosti 1986, akiwa na miaka 83.

Mafundisho

Sisi wa Shinyanga na Geita huenda tusifunze farasi kamwe. Lakini tuna ng'ombe, mbuzi na punda, na miguu yao nayo yaweza kuguswa kwa mkono. Punda afungwaye mkokoteni huku ana kidonda begani, hawezi kusema. Ng'ombe wa plau aliyechoka hawezi kuomba maji. Mwenye kumchunga ndiye awe macho na masikio yake. Mnyama hutoa nguvu zake zote kwa mtu amtunzaye vema. Na amwendeshaye kwa haraka na fimbo hupata kazi ya siku moja, kisha humpoteza mnyama mwenyewe.

Maswali

1. Eleza jinsi mbung'o anavyowaambukiza wanyama nagana.
2. Kwa nini mfunzi hupitisha mkono juu ya miguu ya farasi kila siku?
3. Kazi ya saisi ni nini? Arap Ruta alikuwa nani?
4. Kwa nini wiki 12 zilikuwa shida kwa Beryl na Wise Child?
5. Andika habari za mnyama mmoja wa kwenu: utajuaje kwamba amechoka au anaumwa?