Kabla ya Kidonge, Andika Ulichojaribu

Saa nane usiku mzee anashuka kitandani, anavuta shuka, anawaita watu waliokufa zamani. Daktari alishaagiza daiazepamu, dawa ya kutuliza, apewe ikihitajika. Asubuhi faili linasema: "Alisumbua, akapewa dawa."

Maneno hayo matatu hayamfai mtu. Alikuwa na kiu? Kibofu kilijaa? Goti lilimuuma? Mzee aliyepoteza kumbukumbu mara nyingi hawezi kusema anaumwa, kwa hiyo hutapatapa. Na huku kwetu Meru na Embu lipo la lugha: ugonjwa ukizidi, Kiswahili alichojifunza shuleni huweza kumponyoka, kikabaki Kimeru au Kiembu cha mamake. Kumletea mhudumu anayeisema lugha hiyo ni tiba, na iandikwe kama tiba. Akitoka Igembe, kunakolimwa miraa, uliza pia kama alikuwa mtafunaji wa miraa na aliacha lini, maana miraa hufukuza usingizi, na kuiacha ghafla huweza kumkosesha mtu utulivu.

Maandishi ninayoyataka ni haya: "Saa 8:10. Anashuka kitandani. Nimempeleka choo, amekojoa. Nimemwongezea blanketi, nimekaa naye dakika 15 tukizungumza Kimeru. Saa 8:40 amelala. Dawa haikutolewa." Yakijirudia siku tano, zamu nzima itaona kwamba tatizo ni kibofu, na mzee ataamshwa saa saba na nusu aende choo.

Daiazepamu hukawia kutoka katika mwili wa mzee; nusu ya dozi huweza kubaki hata siku tatu au zaidi. Dozi ya usiku ndiyo inayomwangusha bafuni mchana, na nyonga ikivunjika wengi hawarudi kutembea kama zamani. Marekani, tangu Novemba 2017, agizo la dawa ya aina hii ya kutolewa inapohitajika katika makao ya wazee hukoma baada ya siku 14, isipokuwa daktari aandike sababu ya kuliendeleza na muda wake.

Zipo nyakati dawa ni ya lazima, mzee akiwa karibu kujiumiza, na simlaumu muuguzi aliye peke yake na wodi iliyojaa. Hata hapo aandike alichojaribu kwanza, na dawa ilimfanyaje baada ya saa moja.

Wazee wetu wengi, hata hivyo, hulelewa nyumbani na binti au mkaza mwana. Kwako wewe daftari la shule linatosha. Siku ya kliniki lifunge pamoja na kadi yake, na kabla daktari hajaandika dawa nyingine, mfungulie.