Mahakama ya Juu iliamua nini hasa kuhusu shirika la LGBTQ?

Kila tunapogusa mada hii hewani, simu ya studio haipumui. Swali linalorudi ni moja: ni kweli mahakama ilihalalisha ndoa za jinsia moja Kenya? Hapana. Kesi ilihusu usajili wa shirika.

Wakili Eric Gitari alitaka kusajili shirika la kutetea haki za mashoga, wasagaji na wengine wa jamii ya LGBTQ. Bodi ya kuratibu mashirika yasiyo ya kiserikali ikamkatalia, ikisema Sheria ya Adhabu inaharamisha mambo hayo. Gitari alishinda Mahakama Kuu mwaka wa 2015. Bodi ikakata rufaa, ikashindwa 2019. Ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na tarehe 24 Februari 2023 majaji watatu kati ya watano wakampa Gitari ushindi.

Sababu yao ni hii: Kifungu cha 36 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kujiunga na wenzake katika chama. Kumnyima mtu haki hiyo kwa sababu tu ya anayevutiwa naye kimapenzi ni ubaguzi. Sheria ya Adhabu haikuguswa. Kifungu cha 162 bado kinatoa adhabu ya hadi miaka 14 jela kwa kitendo chenyewe, na ombi la kukifuta lilikataliwa na Mahakama Kuu Mei 2019.

Basi shirika kama hilo lina kazi gani? Tuangalie Kwale, hapa Pwani. Mwaka wa 2015 wanaume wawili walikamatwa kwa kushukiwa, wakapelekwa hospitalini na kupimwa kwa lazima sehemu ya haja kubwa, eti kutafuta ushahidi. Mawakili wa shirika la Gitari waliwasimamia. Mahakama Kuu ya Mombasa iliona hakuna kosa katika kupimwa huko. Machi 2018, Mahakama ya Rufaa ikasema ni kinyume cha Katiba. Hata msikilizaji asiyekubaliana kabisa na watu hawa, tunadhani hangependa mwanawe avuliwe nguo hivyo kabla hajahukumiwa.

Upande wa dini, wengi walipinga uamuzi wa 2023. Askofu Mkuu wa Anglikana Jackson Ole Sapit aliukosoa, nao Waislamu waliandamana. Lakini viongozi wa dini hawana sauti moja. Jirani zetu Uganda wanamjua Askofu Christopher Senyonjo, Mwanglikana aliyestaafu mwaka wa 1998. Vijana waliofukuzwa nyumbani walimwendea, akawasikiliza na kuwapa ushauri. Alipokataa kuwakana, kanisa lake likamzuia kuhudumu kama askofu. Mzee alikuwa amepita umri wa miaka sitini, angeweza kukaa kwake akafuga kuku. Hakukaa.

Jambo moja kwa kila msikilizaji, awe nani: ukikamatwa, Kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kuelezwa sababu mara moja kwa lugha unayoielewa, kunyamaza, na kuwasiliana na wakili. Ni lazima ufikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata ikiwa muda huo umeangukia wikendi au sikukuu.