Kimiko Date: Kuvunjika kwa Koleo si Mwisho wa Uhunzi

"Umri umeshanitupa mkono." Neno hili nalisikia mara nyingi kutoka kwa akina mama waliopindukia miaka thelathini na mitano. Mmoja aliacha masomo alipoolewa, mwingine aliweka cherehani yake kando alipoanza kulea, na wote wawili huamini kwamba mlango ukishafungwa haufunguki tena. Basi juma hili, msomaji mpenzi, nakuletea habari za mwanamke wa Japani aliyeuacha mchezo wa tenisi akiwa na miaka 26, akaurudia akiwa na miaka 37, na akaucheza mpaka alipofika miaka 46.

Kimiko Date alizaliwa mjini Kyoto tarehe 28 Septemba 1970. Kwa maumbile yake ni mtu wa mkono wa kushoto, lakini alilelewa kutumia wa kulia, kama ilivyo desturi ya wazee wa Kijapani. Mzazi wa pwani hahitaji kuelezwa malezi hayo. Ni kwa mkono huo wa kulia, wa kufundishwa, ndipo alipojipatia jina. Hakuwa mrefu wala mwenye misuli ya kutisha. Siri yake ilikuwa kuuwahi mpira ungali unapanda kutoka ardhini na kuurudisha kabla mpinzani hajajiweka sawa.

Alianza kucheza kama kazi mwaka 1989. Mnamo Novemba 1995 alifikia nafasi ya nne katika orodha ya wachezaji bora wa kike duniani, naye ndiye Mjapani wa kwanza wa kike kuingia katika kumi bora. Katika mashindano manne makuu ya tenisi, alifika nusu fainali ya matatu: Australia mwaka 1994, Ufaransa mwaka 1995 na Wimbledon, Uingereza, mwaka 1996.

Mwaka huo wa 1996 ndio uliokuwa kilele chake. Mwezi wa Aprili, mjini Tokyo, katika mashindano ya mataifa, alipambana na Steffi Graf wa Ujerumani, malkia wa tenisi wa zama hizo. Mechi ya wanawake huamuliwa kwa seti mbili kati ya tatu, na kwa kawaida seti hushindwa kwa michezo sita. Siku ile seti ya tatu haikukatika mpaka ilipofika 12 kwa 10, na mshindi akawa Date. Walikutana tena Wimbledon katika nusu fainali. Giza likaingia wakiwa wamegawana seti moja moja, mechi ikaahirishwa hadi kesho yake, na Graf akashinda.

Miezi michache baadaye, Date akatangaza kwamba anaacha. Watu walishangaa, kwani alikuwa bado miongoni mwa kumi bora. Lakini safari zisizokwisha na macho ya watu yaliyomwandama kila alipokwenda vilikuwa vimemchosha. Akarudi nyumbani. Mwaka 2001 aliolewa na Michael Krumm, Mjerumani dereva wa magari ya mashindano. Mwaka 2004 akakimbia marathoni ya London na kuimaliza kwa muda usiotimia saa tatu na nusu. Mwili, basi, haukuwa umelala.

Mapema mwaka 2008 aliandaliwa mechi za maonyesho mjini Tokyo pamoja na Graf na Martina Navratilova. Alipofanya mazoezi ya kujiandaa, mapenzi ya zamani yakafufuka. Mumewe akamtia moyo, naye akatangaza kwamba anarudi.

Hapa ndipo penye somo ninalotaka tulitafakari. Aliyewahi kuwa wa nne duniani hakurudi kwa zulia jekundu. Jina lake halikuwamo tena katika orodha, kwa hiyo alianzia chini, katika mashindano madogo ya Gifu, nchini mwake, akicheza kwanza mechi za mchujo dhidi ya wasichana ambao baadhi yao walikuwa watoto wadogo alipostaafu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Date aliinama, akavuka mchujo, akafika fainali.

Tarehe 27 Septemba 2009, siku moja kabla ya kutimiza miaka 39, alitwaa ubingwa mjini Seoul, Korea Kusini, kwa kumshinda Anabel Medina Garrigues wa Uhispania. Hilo lilikuwa taji lake la nane la mchezaji mmoja mmoja, na la kwanza tangu 1996. Katika zama za tenisi ya kulipwa, ni Billie Jean King wa Marekani peke yake aliyekuwa amewahi kushinda taji la namna hiyo akiwa na umri mkubwa zaidi. Mwaka uliofuata, huko Paris, alimtoa Dinara Safina, aliyewahi kuwa wa kwanza duniani. Mwaka 2011, akiwa na miaka 40, alimtoa jasho Venus Williams kwa karibu saa tatu pale Wimbledon. Venus alipata ushindi kwa 8-6 katika seti ya mwisho. Na mwaka 2013, akiwa na miaka 42, alifika raundi ya tatu ya Wimbledon baada ya kuanza kwa kumshinda msichana wa miaka 18.

Nisikufiche, msomaji, kwamba njia haikuwa maua matupu. Mwaka 2016 alifanyiwa upasuaji wa goti, na mwaka huohuo ndoa yake ikafikia tamati. Hata hivyo alirudi uwanjani mwaka 2017. Septemba mwaka huo, mjini Tokyo, alicheza mechi yake ya mwisho na Aleksandra Krunić wa Serbia. Alifungwa 6-0, 6-0. Hakupata hata mchezo mmoja.

Wako watakaosema huo ni mwisho wa aibu. Mimi naona kinyume. Mara ya kwanza aliondoka akiwa kileleni, lakini amechoka na mchezo wenyewe. Mara ya pili aliondoka bila pointi za kujivunia, lakini ameridhika, mbele ya watu wake, baada ya kuutumia mwili wake mpaka ulipomwambia basi.

Kwa hiyo, mama uliyeacha masomo, wewe uliyefunika cherehani kwa kitambaa, hakuna anayekuahidi taji la Seoul. Lakini uliza kwanza kama ni umri uliokutupa mkono, au ni wewe uliyeuachia. Na ewe mume, ewe kijana mwenye mama wa namna hii nyumbani, kumbuka kwamba Date alipotaka kurudi, alikuwapo mtu wa kumwambia: jaribu.