Kuku wa Uwani: Riziki, Amana na Mipaka ya Halali

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba wake.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu Waislamu, leo tumekusudia kulizungumzia jambo ambalo wengi huliona dogo: kuku anayefugwa uwani kwa ajili ya nyama na mayai. Katika nyumba nyingi kuku huyo ndiye ada ya shule, ndiye kitoweo cha mgeni na ndiye supu ya mzazi. Hata hivyo, ni katika jambo hilohilo dogo ambapo haramu huingia mlangoni bila ya kubisha hodi.

Kuchagua mbegu

Kuku wa kienyeji hustahimili shida, huatamia na kulea mwenyewe, lakini hutaga mayai 40 hadi 60 tu kwa mwaka. Kuku chotara waliozalishwa kwa nyama na mayai pamoja, kama Kuroiler kutoka India na Sasso kutoka Ufaransa, hufikia mayai 150 hivi wakitunzwa vyema. Familia yenye tetea sita wa aina hiyo hupata mayai 900 kwa mwaka, yaani zaidi ya 17 kila wiki. Watoto watakula, na ya kuuza yatabaki.

Lakini ifahamike kuwa sifa za chotara hazirithiwi kwa ukamilifu. Anayetotolesha mayai yao atapata vifaranga mchanganyiko, wengine wazuri na wengine dhaifu. Atakaye mbegu inayodumu na afuge Rhode Island Red au Black Australorp, ambaye kwetu Tanzania wengi humwita kuku wa Malawi, au achague tetea bora wa kienyeji na kuwapandisha kwa jogoo asiye wa ukoo wao. Jogoo mmoja huwatosha tetea 8 hadi 10. Mayai huanguliwa baada ya siku 21, na kuku wa kienyeji ndiye mlezi hodari wa kuyaatamia, hata yakiwa si yake.

Chakula na hukumu ya jalala

Pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, dagaa waliosagwa, majani mabichi na magamba ya chaza hutosha kumjenga kuku. Mahindi yaliyoota ukungu asipewe kabisa, kwani yana sumu.

Mnyama aliyezoea kula najisi huitwa jalala katika fikihi yetu. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii wamekirihisha kuliwa nyama yake pindi harufu yake inapobadilika kwa sababu ya najisi hiyo. Dawa yake ni kumfungia na kumlisha chakula safi mpaka atoharike, na imepokewa kuwa Ibn Umar (R.A.) alikuwa akimfungia kuku wa namna hiyo siku tatu. Basi kuku anayeshinda jalalani na kwenye mifereji ya maji machafu afungiwe kabla ya kuchinjwa. Hilo ni jema kwa dini na kwa afya pia.

Mdondo na mtihani wa uaminifu

Hapa ndipo penye msiba mkubwa. Ugonjwa wa mdondo, ambao wengine huuita kideri, huweza kumaliza banda zima kwa siku chache, wala hauna tiba. Kinga yake ni chanjo. Ile iitwayo I-2 hustahimili joto kuliko chanjo nyingine, hutolewa tone moja katika jicho, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Gharama yake ni ndogo mno mbele ya hasara ya banda lote. Kufunga kamba ya ngamia kwanza kisha kutawakali ndiyo njia tuliyofundishwa.

Tunayoyaona mitaani ni kinyume chake. Kuku wakianza kusinzia na kuharisha kijani, wapo wanaokimbilia sokoni kuwauza kabla hawajafa. Tunasema wazi: kumuuzia Muislamu mwenzio, au mtu yeyote, kuku unayejua kuwa ni mgonjwa huku ukimficha aibu hiyo ni udanganyifu, na pesa yake haina baraka. Isitoshe, ugonjwa huo huenda naye hadi katika banda la mnunuzi. Na kuku aliyekufa kabla ya kisu kumfikia ni mzoga, hata kama mwili wake ungali na joto. Haliwi wala hauzwi, bali hufukiwa au kuchomwa moto. Vilevile kuku aliyepewa dawa ana siku zilizoandikwa na watengenezaji ambazo nyama na mayai yake hayafai kutumika. Kuzificha siku hizo kwa mnunuzi ni hiana.

Kuchinja na kupika

Kisu kinolewe, wala kisinolewe mbele ya mnyama. Asichinjwe mwenzake akitazama. Litajwe jina la Mwenyezi Mungu, zikatwe njia ya pumzi na njia ya chakula, kisha aachwe mpaka roho itoke kabisa. Kumtosa katika maji ya moto angali akitapatapa ni kumtesa. Damu ya shingoni ioshwe kwanza, ili maji ya kunyonyolea yasinajisike.

Jikoni, umri ndio hukumu. Jogoo mchanga wa miezi minne au mitano anafaa kuchomwa, au kupakwa tui zito la nazi kama wafanyavyo watu wa pwani. Tetea aliyemaliza kutaga nyama yake ni ngumu: achemshwe taratibu kwa saa mbili au zaidi pamoja na tangawizi, kitunguu saumu na chumvi, na ndimu itiwe mwishoni. Supu yake haina mfano.

Kuku ni wa nani?

Tunamalizia kwa haki inayosahauliwa. Aghalabu mwenye kuku ni mama: amenunua vifaranga kwa pesa yake na kuwalea kwa jasho lake. Mali ya mke katika Uislamu ni yake, haichanganyiki na ya mumewe kwa sababu ya ndoa. Mume anayemkamata jogoo wa mkewe na kumchinjia wageni bila ya idhini amekula cha mtu, ijapokuwa amesoma Bismillahi. Na aombe ruhusa. Mke akiridhia, ni sadaka yake na ana ujira wake. Akikataa, asilaumiwe. Kadhalika, mboga za jirani zilizodonolewa na kuku wetu ni deni juu yetu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu aturuzuku kilicho halali na atubarikie ndani yake. Amin.

Wabillahi tawfiq.